Maswali ya Wasomaji: Pedali ya Gitari, Unaitengeneza Mwenyewe Nyumbani

Mu toleo lililopita tuliahidi kama safari hii tutaongea pedali za gitari, na barua zimekuja toka Katuba, Ruashi, Likasi, Kolwezi mpaka Goma na Bukavu. Kwa yule hajaiona, pedali ni kile kisanduku kidogo cha chuma mpiga gitari anakanyaga na mguu, sauti inapanda, ao inakwaruza, ao inarudi kama mwangwi. Za duka ziko, lakini ni za madolari na mara mingi unangojea mtu asafiri akuletee. Mimi nasema wazi: hapa Lubumbashi kuko shaba, kuko mafundi wa radio, kuko wachoraji, sasa tunangojea nini? Wengi mmeuliza kitu kimoja, basi nimechagua barua zenye zinabeba na zingine.

Yambo fundi. Napiga gitari mu kanisa kule Katuba. Niko na gitari ya umeme na ampli kidogo, lakini wakati wa sifa, ngoma na waimbaji wananifunika kabisa, zamu yangu ya kupiga solo ikifika hakuna anayesikia. Niliangalia michoro ya pedali mu telefone, inanichanganya kichwa. Nianze na gani, na vyombo nitoe wapi? — Mpiga gitari wa Katuba

Leki yangu, wewe anza na busta. Usianze na delay (pedali ya mwangwi), usianze na kitu chenye transista kumi (transista ni kile kijidude cha miguu mitatu chenye kinakuza ishara), utakata tamaa bure. Busta inachukua ishara ndogo ya gitari inaikuza basi, na kwa mtu anafunikwa na ngoma njo dawa yenyewe, juu unaikanyaga wakati wa solo tu, solo ikiisha unaikanyaga tena unarudi chini.

Ile nakushauri ni ya zamani na inajulikana dunia nzima: LPB-1, kampuni Electro-Harmonix ya New York waliitoa mwaka 1968, na ndani yake kuko transista moja tu. Fwata ishara pole pole na kidole chako juu ya karatasi. Inatoka ku gitari, inapita mu kondansateri ya nanofaradi 100 (inapitisha ishara, inazuia umeme wa betri), inafika ku bezi ya transista; miguu yake mitatu inaitwa bezi, emita na kolekta. Pale ku bezi kuko rezistansi mbili (vyombo vya kupunguza umeme), moja ya kilo-om 430 inapanda ku pozitivi ya betri ya volti 9, ingine ya kilo-om 43 inashuka ku masi, yaani ule waya wa negativi ambao kila kitu kinarudi kwake. Emita inashuka ku masi kupitia rezistansi ya om 390. Kolekta inapanda ku pozitivi kupitia kilo-om 10, na pale pale ku kolekta ishara inatoka ikiwa imekuzwa, inapita mu kondansateri ingine ya nanofaradi 100, inaingia ku potensiometa ya kilo-om 100 ambayo njo butoni yako ya volimu, na toka mguu wake wa katikati unaenda ku ampli. Imeisha, hakuna siri ingine.

Sasa angalia uzuri wake. Nguvu ya kukuza inatoka ku zile rezistansi mbili, ya kolekta na ya emita: elfu 10 gawanya kwa 390, ni karibu mara 25. Ukiona ni kali sana weka om 1,000 ku emita, itashuka mpaka karibu mara 10, sauti inabaki safi zaidi na kwa kanisa pengine njo utaipenda. Na kama hupati 430 na 43, maana hizo namba ni za kusumbua kupata, weka 470 na 47. Ile inahesabika pale ni uwiano wa 10 kwa 1, na uwiano haukubadilika. Lakini usibadilishe moja na kuacha ya pili, transista itakaa vibaya na sauti itakatika upande mmoja.

Transista: 2N5088 ni nzuri, 2N3904 ni nzuri, BC547 ao BC549 pia. Chunga miguu yake! Ukishika 2N3904 uso wake bapa ukikuangalia na miguu chini, toka kushoto ni emita, bezi, kolekta. BC547 ni kinyume, kolekta iko kushoto na emita kuume. Pedali mingi zenye watu wanasema "imekufa" hazikufa, transista imegeuzwa tu. Ukimaliza, kabla ya kufunga sanduku weka multimetri (kipimo cha umeme) kati ya kolekta na masi: ukisoma volti 3 mpaka 5 (ao karibu 7 kama uliweka om 1,000 ku emita) transista imekaa vizuri. Ukisoma 9 kamili ao karibu sifuri, rudi utafute kosa, usiendelee mbele na matumaini.

Vyombo? Rezistansi na kondansateri ziko mu mizoga ya radio, mu redio-kaseti, mu ampli zilizokufa. Pita ku soko ya Mzee Kabila ao kwa fundi wa radio wa avenue yenu, muombe kwa heshima akuuzie bodi nzee, na ujifunze rangi: kahawia-nyeusi-machungwa ni kilo-om 10, kahawia-nyeusi-njano ni kilo-om 100. Ukitoa ku bodi pima kila moja na multimetri, usiamini rangi pekee maana moto wa zamani unazibadilisha. Vya kununua vipya ni jaki mbili (matundu ya kuchomekea waya) na swichi ya mguu, ile ya miguu 9 wanaita 3PDT. Hapo usibane pesa, swichi ya bei chini njo inakuachisha njiani katikati ya wimbo.

Tena kitu kimoja chenye wengi hawajui. Jaki ya kuingilia iwe ya stereo, hata kama waya wa gitari ni mono. Negativi ya betri uisude (uishikishe na eteni ya kuyeyusha) ku kile kiguu cha katikati, cha ringi. Ukichomeka waya, mwili wake wa chuma unaunganisha ringi na masi, pedali inawaka. Ukichomoa, inazimika yenyewe. Ile busta inakula chini ya miliampea moja, betri ya alkalini itakaa miezi kama unachomoa waya kila ukimaliza. Ile taa ya LED njo inakula kupita sakiti yenyewe, basi iwekee rezistansi ya kilo-om 4.7, itaonekana vizuri na haitamaliza betri.

Fundi, mimi ni mama wa Kamalondo. Mtoto wangu wa miaka 14 alifungua radio ya marehemu baba yake, sasa chumba kimejaa waya na moshi, anasema anatengeneza "pedali". Nimuache? Hataumia? — Mama wa Kamalondo

Mama, jambo, na pole na msiba wa baba watoto. Umuache, lakini na sheria. Pedali yenyewe haina hatari, betri ya volti 9 haiwezi kumpiga mtu kurani (umeme). Hatari iko pembeni yake. Ya kwanza, asifungue kitu chochote kimechomekwa ku umeme wa SNEL, na televizheni za zamani zile zenye mgongo mrefu asizifungue kabisa hata kama zimetolewa ku kurani, juu ndani kunaweza kubaki volti elfu na elfu. Ya pili, ule moshi ni wa dawa iko ndani ya eteni, si sumu ya kuua lakini unachoma kifua: afungue dirisha, asiinamishe uso juu ya kazi. Eteni nyingi ina risasi ndani, basi anawe mikono na sabuni kabla ya kula, na asiifanyie kazi ku meza yenu ya chakula. Fero ya kusude inafika kama digrii 350, hapo wadogo zake wakae mbali. Na ile radio ya baba yake, kama unaipenda kuliko hiyo pedali, mwambie wazi, airudishie kifuniko chake na umtafutie mzoga mwingine. Hiyo si mambo ya umeme lakini nimeona niiseme.

Nilifunga fuzz (pedali ya kukwaruza sauti) ndani ya kopo ya biskuti, inalia mmmmm muda wote, na usiku inakamata radio, nasikia mpaka habari! Nimechoka. — Kijana wa Kolwezi

Ndugu, hizo ni kasoro mbili, usizichanganye. Ule mlio wa chini ni umeme wa nyumba, unatetemeka mara 50 kwa sekunde na unaingia fasi yoyote ishara iko uchi. Swali la kwanza: ile kopo umeiunganisha na masi? Wengi wanafunga sakiti ndani ya chuma na chuma kinabaki peke yake, haikingi kitu. Kwaruza rangi na verni ndani mahali jaki inakaa mpaka chuma king'ae, ndipo jaki ishike vizuri. Kama sanduku ni la mbao ao plastiki, bandika ndani karatasi ya aluminiamu yote na uisude waya mmoja mpaka ku masi, lakini weka karatasi ngumu juu yake isiguse sakiti.

Kama mlio unakuja wakati unatumia chaja na unapotea na betri, mwenye makosa ni chaja. Chaja za telefone zenye wanapandisha toka volti 5 mpaka 9 na kipande kidogo cha bodi, zile zinalia sauti nyembamba ya juu, hutazishinda. Baki na betri.

Radio nayo inaingia kwa sababu transista ya fuzz inakuza sana na waya wako wa kuingilia unakuwa antena. Weka kondansateri ndogo ya pikofaradi 100 toka ku kiingilio mpaka ku masi, karibu kabisa na transista. Masafa ya radio yanashuka ku masi, ya gitari yanapita kama kawaida. Ufupishe na waya za ndani, haina haja zizunguke kopo mara tatu. Na kama swichi inapiga "pa!" kila ukikanyaga, weka rezistansi ya mega-om 1 toka kiingilio mpaka masi, itatulia.

Kaka ni mpiga gitari, mimi ni mchoraji, ananipatia pedali zake nizipambe. Rangi inabanduka baada ya wiki chache, na kalamu za marker zikipakwa verni juu zinavuja zote, kazi inaharibika. Nifanye nini? Na kuko mapambo gani yanafaa, si maua tu? — Dada wa Ruashi

Dada, barua yako nimeisoma na furaha, juu wengi wanafikiri pambo ni kitu cha mwisho, cha kumaliza rangi iliyobaki. Hapana. Pedali inakanyagwa mu giza, mu vumbi, na jasho, na mpigaji ana nusu ya sekunde kutambua ni ipi na butoni iko fasi gani. Pambo zuri linamsaidia.

Kubanduka kwanza. Aluminiamu haipendi rangi, inafanya ngozi yake ya oksidi muda mfupi tu baada ya kusuguliwa. Basi toboa matundu yote kabla ya kugusa rangi: toboa na 3 kwanza ndipo upanue, milimita 12 ya swichi, karibu 10 ya jaki, 7 ya potensiometa, 5 ya taa. Kisha sugua na karatasi ya msasa 220, halafu 400, osha na alkoholi, na tangu hapo usiguse na kidole, mafuta ya ngozi njo yanabandua. Paka praima ya aluminiamu, uliza kwa wale wanapaka magari, wako nayo. Rangi yenyewe ipulize tabaka nyembamba, nne tano, moja inakauka ndipo ingine, na uiache siku kadhaa mahali hakuna vumbi kabla kaka hajaichukua. Najua atakusumbua aichukue mapema, mkatalie.

Marker inavuja kwa sababu verni ya kupuliza ina tineri na tineri inayeyusha wino. Chora na rangi ya akriliki ya maji, ikikauka tineri haiisumbui vile. Kama unang'ang'ania marker, puliza verni mara ya kwanza kidogo sana, kama vumbi tu, iache ikauke, rudia, usimwage yote mara moja.

Sasa mapambo gani? Dada, unaishi mu mji wenye shule ya kuchora ya kwake. Mwaka 1946 mchoraji Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alifungua atelye yake hapa, wakati huo ikiitwa Elisabethville, ile ilijulikana kama Hangar, na toka pale walitoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga na mistari yake midogo midogo, na Bela ambaye alipaka na ncha za vidole. Sikuambii unakili picha zao. Nakuambia uangalie namna walijaza uso mdogo bila kuacha fasi tupu na bila kuchanganya jicho. Nukta za kidole kama Bela zinafaa pedali ajabu: uso wa sanduku ni sentimita 11 kwa 6 hivi, brashi inakuwa kubwa kwa fasi ile, kidole kinatosha. Tumia nukta nyeupe kuonyesha mzunguko wa butoni, ndogo upande wa chini, kubwa upande wa juu, na kaka ataona hata taa za baa zikiwa hafifu.

Halafu kuko shaba. Hapa naomba nikae kidogo, juu sijaona sababu pedali za Katanga zivae plastiki. Chukua kipande cha shaba nyembamba, nusu milimita, ukate sawa na uso wa sanduku. Kichome mpaka kiwe chekundu hafifu, ukitose mu maji, kitalainika kabisa. Kiweke juu ya mfuko wa mchanga, uso chini, na kwa nyuma sukuma umbo lako na kitu butu, mpini wa kijiko ao mti mgumu wa mviringo. Geuza, ukiweke juu ya ubao, chora mpaka wa umbo toka mbele na msumari uliosuguliwa ncha. Geuza tena. Shaba ikianza kuwa ngumu usiilazimishe, itapasuka, ichome tena. Umbo la msalaba wa shaba wa zamani, ule babu zetu walitumia kama pesa, linakaa vizuri sana katikati, mikono yake minne inaacha pembe nne: mbili za butoni juu, moja ya taa, moja ya jina. Toboa matundu yalingane na ya sanduku, safisha na ndimu na chumvi mpaka ing'ae, suuza, kausha, kisha bandika na gundi ya epoksi ya tubu mbili. Gundi ijae kote: shaba na aluminiamu zikigusana mu unyevu, aluminiamu inaliwa. Maliza na verni, la sivyo shaba itageuka nyeusi ndani ya miezi.

Kuna wanaochora shaba na dawa ya perkloriri ya fero (kloridi ya chuma, inakula shaba), ni nzuri, lakini vaa glavu, usiitumie ku aluminiamu bila kujua juu inachemka na kutoa joto kali, na maji yake usiyamwage mu mto, yamejaa shaba na yanaua samaki. Na malakiti, najua utaiwaza. Vipande vilivyokwisha kukatwa, bandika bila wasiwasi. Lakini usiisage wala kuisugua kavu nyumbani, vumbi lake ni sumu ya mapafu.

Mzee mmoja wa Birere aliniuzia transista za zamani za AC128, anasema za jermaniamu zinashinda za silikoni kwa fuzz. Ni kweli ao ni biashara? — Mpigaji wa Goma

Zote mbili. Fuzz Face, ile ya mviringo kampuni Arbiter walitoa London mwaka 1966, ilianza na jermaniamu na Jimi Hendrix aliipiga. Baadaye wakahamia silikoni, na hiyo pia aliipiga. Jermaniamu inachafuka pole pole, ukishusha volimu ya gitari sauti inasafika vizuri. Silikoni ni kali na haibadiliki. Jermaniamu inabadilika na joto, kadiri joto linapanda inavuja zaidi: huko kwenu Goma baridi inaisaidia, hapa kwetu mwezi wa kumi ile pedali iliyolia vizuri wakati wa kipwe (msimu wa baridi) itakuwa na sauti ya kuziba. Pima kila transista kabla ya kuisude, na ukiisude shika mguu wake na pensi (koleo ndogo), joto lisipande ndani. Na AC128 ni PNP, yaani umeme wake unaenda kinyume na zile za busta: ukiijenga kwa mchoro wa zamani, pozitivi njo inakuwa masi. Pedali hiyo usiichomeke ku chaja moja na zingine, itafanya shoti. Ipe betri yake.

Sisi tunapiga rumba na sebene, fuzz haituhusu. Tunahitaji pedali kweli? — Wapiga gitari wa Likasi

Wakubwa, mu mji wenu njo Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alimrekodi Jean Bosco Mwenda mwaka 1952, vidole viwili na gitari kavu, na mpaka leo watu wanajifunza kwake. Pedali haitawapa vidole. Lakini busta ya kwanza pale juu, ile ya om 1,000, itawafaa kwa mi-solo (gitari ya kati ya solo na ritmi) ikikata mbele. Na kama mnataka mwangwi kidogo nyuma ya sebene, tafuteni ampli ya karaoke iliyokufa, fungueni ikiwa imetolewa ku umeme tangu jana yake, mara mingi mtakuta ndani chipu imeandikwa PT2399. Hiyo njo delay. Inakula volti 5, inatoa mwangwi mpaka karibu theluthi ya sekunde, na mchoro wake hauna vyombo vingi. Iweke fupi, sebene ikiwa mbio mwangwi mrefu unachanganya wachezaji.

Nikitengeneza LPB-1 yangu naweza kuiuza? — Msomaji wa Bukavu

Uza, lakini sanduku liandikwe jina lako, si lao. Mpe mnunuzi karatasi ya mchoro ndani ya kifuniko na namba za rezistansi, siku ikiharibika fundi yeyote wa kwenu ataitengeneza.